Heda ya Gari: Namna ya Kuchagua Ukubwa Unaoifaa Injini Yako

Wamiliki wengi wa magari wanaotaka kuongeza nguvu ya injini huanza na mfumo wa moshi. Mabadiliko yake huonekana kwa macho, husikika kwa masikio, na hayalazimu injini kufunguliwa. Kifaa kinachonadiwa zaidi kwa lengo hilo ni heda, yaani fungu la mabomba linalochukua nafasi ya manifoldi iliyotoka kiwandani na kuupokea moshi pale unapotoka kwenye injini. Dukani na gereji mnunuzi huambiwa kwamba kadiri mabomba yanavyokuwa mapana, ndivyo injini inavyopumua vizuri na ndivyo gari linavyokwenda kasi.

Kauli hiyo ina ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayomtia mnunuzi hasara. Heda pana kupita kiasi huipunguzia injini uwezo wa kuvuta katika mwendo wa kila siku, na mara nyingi mwenye gari hugundua jambo hilo baada ya fedha kwisha kulipwa na manifoldi ya zamani kwisha kuuzwa kama chuma chakavu. Katika makala hii tunaeleza jinsi heda inavyofanya kazi, hesabu nyepesi ya kukadiria upana unaofaa, mambo ya kukagua kabla ya kununua, na haki za mlaji iwapo ameuziwa kitu kisicholingana na maelezo aliyopewa.

Kazi ya heda

Moshi hautoki kwenye injini kwa mfululizo kama maji ya bomba. Hutoka kwa mapigo. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda hutoa pigo la moshi mara 50 kwa sekunde, na kila pigo ni donge la gesi ya moto linalosukumwa nje pindi vali ya moshi inapofunguka.

Manifoldi ya kawaida ya kiwandani hutengenezwa kwa chuma cha kusubu. Ni imara na haigharimu sana kuitengeneza, lakini njia zake ni fupi na hukutana haraka, hivyo pigo la silinda moja huweza kuipinga silinda jirani. Heda huipa kila silinda bomba lake lenye urefu wa kutosha kabla ya mabomba yote kukutana.

Faida inayopatikana ina vyanzo viwili. Cha kwanza ni mwendo wa gesi yenyewe. Donge la gesi linalokimbia ndani ya bomba lina uzito, na halisimami mara moja. Linapoondoka huacha nyuma yake upungufu wa hewa unaosaidia kufyonza masalia ya moshi ndani ya silinda. Cha pili ni mawimbi ya mgandamizo. Vali inapofunguka, wimbi husafiri ndani ya bomba kwa kasi ya takriban mita 500 hadi 550 kwa sekunde, na linapofika mahali mabomba yanapokutana hurudi likiwa limegeuka kuwa wimbi la mnyonyo. Wimbi hilo likiwasili kwenye vali katika kile kipindi kifupi ambacho vali ya moshi haijafunga na vali ya hewa imekwisha kuanza kufunguka, huvuta hewa mpya kuingia silindani. Silinda iliyojaa vizuri huzalisha nguvu zaidi.

Vyanzo vyote viwili vinategemea vipimo. Upana wa bomba ndio unaoamua kasi ya gesi, na urefu wake ndio unaoamua wakati wa wimbi kurejea.

Kwa nini pana zaidi si bora zaidi

Mto unapopita katika genge jembamba hukimbia na kuchukua kila kitu mbele yake. Mto uleule ukifika uwandani hutanuka, hutulia na kuacha mchanga. Gesi ndani ya bomba hufuata kanuni hiyohiyo. Kiasi kilekile cha moshi kikipitishwa katika bomba pana hupoteza kasi, na kasi inapopotea, ule mnyonyo wa nyuma hupotea pia. Baadhi ya moshi huweza hata kurudi ndani ya silinda na kuchafua hewa mpya.

Kwa upande mwingine, bomba likiwa jembamba mno, pistoni hulazimika kutumia nguvu kuusukuma moshi nje pale injini inapozunguka kwa kasi kubwa, na nguvu hiyo hutolewa katika ile ambayo ingeyafikia magurudumu. Kwa hiyo kila upana una eneo lake la mizunguko ambamo unafanya kazi vizuri. Bomba jembamba huipa injini uwezo wa kuvuta katika mizunguko ya chini na ya kati. Bomba pana huuhamishia uwezo huo juu, mahali ambapo gari la mitaani hufika kwa nadra.

Hapa inafaa kusahihisha imani moja iliyoenea gereji, kwamba injini inahitaji mgandamizo wa kurudi nyuma ili ivute. Injini haifaidiki na kizuizi chochote katika njia ya moshi. Inachohitaji ni kasi ya gesi. Mtu aliyefunga bomba pana na kuona gari limelegea hudhani amepoteza mgandamizo, ilhali alichopoteza ni kasi. Tofauti hii ina maana kwa mnunuzi, kwa sababu dawa ya gari lililolegea namna hiyo ni kurejesha upana unaofaa, si kufunga kizuizi mbele ya bomba lisilofaa.

Hesabu ya upana

Mambo mawili yanahitajika ili kukadiria upana wa ndani wa bomba la kwanza la heda: ujazo wa silinda moja kwa sentimita za ujazo, na mzunguko wa injini ambapo mwenye gari anataka uvutaji uwe mkubwa kuliko wakati mwingine wote.

Kanuni inayotumiwa sana na waundaji wa injini za nguvu huichukulia kasi ya wastani ya gesi katika mzunguko huo kuwa takriban mita 75 kwa sekunde. Ni kasi ya kimahesabu, inayotokana na ujazo wa silinda; gesi halisi huwa imetanuka kwa joto na hukimbia zaidi. Kwa kanuni hiyo hesabu huwa fupi:

Zidisha ujazo wa silinda moja kwa mizunguko kwa dakika, kisha gawanya kwa 225,000. Jibu ni eneo la tundu la bomba kwa sentimita za mraba. Ili kupata kipenyo, gawanya eneo hilo kwa 0.785, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu. Utapata kipenyo cha ndani kwa sentimita.

Tuchukue injini ya sentimita za ujazo 1,600 yenye silinda nne. Kila silinda ina 400. Tukitaka uvutaji mkubwa uwe kwenye mizunguko 6,000, tunazidisha 400 kwa 6,000 na kugawanya kwa 225,000. Tunapata sentimita za mraba 10.67. Kipenyo chake ni sentimita 3.69, yaani karibu milimita 37.

Kwa wasiopenda kukokotoa, tumeorodhesha hapa vipenyo vya ndani kwa injini zisizo na turbo. Katika kila mstari, namba ya kwanza ni ya uvutaji mkubwa kwenye mizunguko 4,500, ya pili kwenye 6,000, na ya tatu kwenye 7,500:

- Injini ya 1,300, silinda nne: milimita 29, 33, 37
- Injini ya 1,500, silinda nne: milimita 31, 36, 40
- Injini ya 1,600, silinda nne: milimita 32, 37, 41
- Injini ya 1,800, silinda nne: milimita 34, 39, 44
- Injini ya 2,000, silinda nne: milimita 36, 41, 46
- Injini ya 2,000, silinda sita: milimita 29, 34, 38

Namba hizi ni makadirio ya kuanzia. Umbo la vali, kemshafti na njia ya hewa huweza kuzisogeza kwa milimita moja au mbili. Hata hivyo zinatosha kumwezesha mnunuzi kutambua heda iliyokosea kwa mbali.

Kosa la kawaida ni kuchagua mzunguko kwa matamanio. Gari linalotumika katika foleni za Dar es Salaam, na hasa lenye gia za kujiendesha, hutumia muda wake mwingi chini ya mizunguko 3,500. Mwenye gari la namna hiyo achague safu ya kwanza. Safu ya pili inafaa gari lenye gia za mkono linaloendeshwa kwa ari. Safu ya tatu ni ya injini iliyojengwa kwa mashindano, yenye kemshafti na vali zinazoweza kustahimili mizunguko hiyo. Kufunga heda ya safu hiyo kwenye injini ya kawaida ni sawa na kumvalisha mtoto viatu vya babake.

Mfano: Altezza mbili, heda mbili

Toyota Altezza, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1998 na 2005, inaonyesha vizuri kwa nini ukubwa wa injini peke yake hautoshi kuchagulia heda. Gari hilo liliuzwa na injini mbili, zote zikiitwa za lita 2. Moja ni 3S-GE yenye silinda nne, ambayo katika toleo la gia sita za mkono ilitangazwa kuwa na nguvu farasi 210 kwenye mizunguko 7,600. Nyingine ni 1G-FE yenye silinda sita, injini tulivu zaidi.

Katika 3S-GE kila silinda ina ujazo wa karibu sentimita 500. Katika 1G-FE kila silinda ina karibu 331. Bomba la kwanza la heda huhudumia silinda moja tu, hivyo kinachohesabika ni ujazo wa silinda, si jumla ya injini.

Tuseme fundi anayejitengenezea heda ana bomba lenye upana wa ndani wa milimita 41.5. Kwa 3S-GE inayokusudiwa kuvuta zaidi kwenye mizunguko 6,000, bomba hilo linakaribia kabisa kipimo kinachotakiwa. Akilitumia bomba hilohilo kwa 1G-FE, ambayo mwenyewe anaiendesha mjini na kutaka uvutaji mkubwa kwenye 4,500, kasi ya gesi itashuka hadi takriban mita 37 kwa sekunde, yaani nusu ya inayohitajika. Mwenye gari atapata sauti nzito na heda inayong'aa, na atalazimika kukanyaga mafuta zaidi ili gari liondoke kwenye taa za barabarani. Fundi akisema, «Nimeshafunga heda hii kwenye Altezza nyingine, inakwenda sana,» swali la kwanza la mnunuzi liwe: hiyo Altezza nyingine ilikuwa na injini ipi?

Kipimo cha nje na kipimo cha ndani

Mabomba ya heda huuzwa kwa kipenyo cha nje, na mara nyingi kwa inchi. Hesabu yetu inahusu kipenyo cha ndani. Anayechanganya vipimo hivi viwili hukosea kwa milimita tatu au zaidi, na hiyo ndiyo tofauti kati ya saizi moja na nyingine sokoni.

Bomba lenye ukuta wa milimita 1.5 hupungua milimita 3 likipimwa ndani. Kwa hiyo bomba la inchi moja na nusu, ambalo ni milimita 38.1 kwa nje, lina milimita 35.1 ndani. La inchi moja na tano ya nane, milimita 41.3 kwa nje, lina milimita 38.3. La inchi moja na robo tatu, milimita 44.5 kwa nje, lina milimita 41.5.

Hesabu ikiangukia kati ya saizi mbili, kama ile ya milimita 37 tuliyoipata kwa injini ya 1,600, tunashauri gari la barabarani lichukue saizi ndogo. Hasara ya bomba jembamba kidogo huonekana kwenye mizunguko ya juu tu. Hasara ya bomba pana kidogo huonekana kila siku.

Pima pia tundu la moshi kwenye kichwa cha injini. Mdomo wa heda ukiwa mpana kidogo kuliko tundu hilo si tatizo, bali ukingo wa bomba au wa gasketi usichomoze ndani ya njia ya moshi.

Urefu na mpangilio wa mabomba

Kwa kuwa wimbi husafiri kwa kasi isiyobadilika sana, bomba refu hulichelewesha na bomba fupi huliwahisha. Katika bomba la sentimita 80, wimbi huchukua takriban elfu tatu za sekunde kwenda na kurudi. Injini inayozunguka polepole ina nafasi ya kulisubiri wimbi la bomba refu. Injini ya kasi inahitaji bomba fupi zaidi. Heda fupi sana zinazouzwa kwa ajili ya kutoshea kirahisi chini ya boneti huwa na faida ndogo kwa gari la mjini, hata kama upana wake ni sahihi.

Injini za silinda nne zina mipangilio miwili mikuu. Katika wa kwanza, mabomba manne hukutana mahali pamoja na kuwa moja. Mpangilio huu hupendelea mizunguko ya juu. Katika wa pili, mabomba manne hukutana mawili mawili, kisha mawili hayo huwa moja. Huu hutawanya uvutaji katika eneo pana la mizunguko na ndio tunaoupendekeza kwa gari la kawaida.

Mpangilio wa pili una sharti moja. Silinda zinazounganishwa ziwe zile zisizofuatana katika kuwaka. Injini nyingi za silinda nne zilizopangwa mstari mmoja huwaka kwa mfuatano wa 1, 3, 4, 2. Kwa hiyo ya 1 huunganishwa na ya 4, na ya 2 na ya 3. Heda iliyounganisha ya 1 na ya 2 kwa sababu tu ziko karibu imekosa maana yake. Mnunuzi anaweza kulikagua hilo kwa kufuata mabomba kwa kidole.

Magari yenye turbo

Hesabu tuliyoitoa haiyahusu magari ya turbo. Katika magari hayo heda iko kabla ya turbo, na kazi yake ni kufikisha joto na mwendo wa gesi kwenye turbini bila kuupoteza njiani. Mabomba mapana na marefu huongeza nafasi inayopaswa kujazwa na sehemu za kupotezea joto, hivyo turbo huchelewa kuamka. Ongezeko la nguvu katika gari la turbo hutafutwa zaidi kwenye bomba la baada ya turbo na katika mpangilio wa kompyuta ya injini.

Wamiliki wa Subaru zenye turbo wafahamu jambo moja zaidi. Ule mngurumo unaozitambulisha injini zao hutokana, kwa sehemu kubwa, na manifoldi yenye mabomba yasiyolingana urefu. Anayefunga heda ya mabomba yanayolingana huupoteza mngurumo huo. Muuzaji mwaminifu humwambia mteja kabla.

Masega, vihisi na sheria

Katika magari mengi yaliyotengenezwa miaka ya 2000 na kuendelea, kisafisha moshi, ambacho mafundi wengi hukiita masega, kimefungwa karibu sana na injini, na mara nyingine kimeunganishwa na manifoldi yenyewe. Kubadili manifoldi ya namna hiyo ni kuondoa kisafisha moshi pia. Mnunuzi anastahili kuambiwa hivyo waziwazi.

Masega yana madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Yana soko, na ndiyo sababu mafundi wengine hushawishi yaondolewe hata pale ambapo hayajaziba. Ikiwa fundi anajitolea kufunga heda kwa bei ya chini isiyo ya kawaida kwa sharti la kubaki na vipande vya zamani, huenda mteja ndiye anayetoa zaidi bila kujua. Kila kifaa kilichotolewa kwenye gari lako ni mali yako. Dai urejeshewe.

Kuondoa masega huongeza sumu katika moshi, ikiwamo monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoweza kuua. Nchini Tanzania, kanuni za mazingira zimeweka viwango vya ubora wa hewa tangu mwaka 2007, na viwango vya kelele na mitetemo tangu mwaka 2015. Tunawashauri wamiliki wachague heda inayoruhusu kisafisha moshi kurudishwa, na wasikubali kuondolewa kwa kipunguza sauti.

Kuna pia vihisi vya oksijeni vinavyoiambia kompyuta ya injini kiasi cha mafuta kinachotakiwa. Hakikisha heda ina matundu ya kuvifunga mahali pake. Mwunganiko unaovuja kabla ya kihisi huingiza hewa ya nje. Kihisi hudhani mafuta ni kidogo, na kompyuta huongeza mafuta yasiyohitajika. Ongezeko la ghafla la matumizi ya mafuta baada ya kufunga heda ni dalili ya kuchunguza uvujaji kwanza.

Ubora wa utengenezaji

Heda hupata joto kali na kupoa mara nyingi kwa siku. Chuma cha kawaida kilichopakwa rangi hushika kutu upesi, hasa katika miji ya pwani yenye hewa ya chumvi. Chuma kisichoshika kutu cha daraja la 304 hudumu zaidi. Sumaku husaidia kukitambua: haikishiki, au hukishika kwa unyonge sana. Ikinata kwa nguvu, bidhaa hiyo si ya daraja la 304, hata kama inang'aa. Kuna chuma kingine kisichoshika kutu, cha daraja la 409, ambacho sumaku hukishika. Hicho kinafaa kwa mifumo ya moshi, lakini kisiuzwe kwa jina na bei ya 304.

Kagua bapa linalofungwa kwenye injini. Liwe nene, likikaribia milimita 10, na liwe limenyooka. Liweke juu ya kioo uone kama linayumba. Bapa jembamba hupinda kwa joto na kuunguza gasketi. Tazama ndani ya mabomba kwa tochi: matone ya kuchomelea yaliyojitokeza ndani huziba njia uliyoilipia. Baada ya kufungwa, hakikisha heda haigusi wala haikaribii mno mabomba ya breki, nyaya, stata au chujio la oili.

Kabla ya kulipa

Tunapendekeza mnunuzi apate majibu ya maswali haya, yakiwa yameandikwa kwenye risiti au kwenye hati ya makubaliano:

1. Heda hii imetengenezwa kwa injini ipi, kwa jina lake kamili?
2. Kipenyo cha ndani cha mabomba ya kwanza ni milimita ngapi, na ukuta una unene gani?
3. Inalenga uvutaji mkubwa kwenye mizunguko mingapi?
4. Imetengenezwa kwa chuma cha daraja gani?
5. Je, kisafisha moshi na vihisi vyote vitarudi mahali pake?
6. Nguvu iliyoahidiwa imepimwa kwenye mashine gani, kabla na baada, kwa gari la aina hii?

Swali la mwisho ndilo hujibiwa kwa shida. Kwa injini ambayo haijabadilishwa kitu kingine, heda nzuri huleta ongezeko la asilimia chache tu. Anayeahidi nguvu farasi 40 kwa heda peke yake kwenye gari la kawaida la 1,500 anauza maneno.

Tunza manifoldi ya zamani. Ndiyo dhamana ya kurudi nyuma iwapo matokeo hayatakuridhisha, na mnunuzi wa baadaye wa gari lako anaweza kuihitaji.

Haki za mlaji

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu sifa za bidhaa au huduma. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa nayo inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo, na pale mnunuzi alipomweleza muuzaji matumizi aliyokusudia na kuutegemea ujuzi wake, bidhaa iyafae matumizi hayo. Ndiyo maana tunasisitiza maandishi. Aliyeandikiwa kwamba heda ni ya 304, ya injini ya 1G-FE, yenye milimita 29 ndani, ana kitu cha kupima kwa rula na kwa sumaku mbele ya muuzaji. Aliyeambiwa tu kwamba heda ni «kali» hana.

Ukigundua kasoro, acha kulitumia gari kama kuna uvujaji, piga picha, pima vipimo, kisha umwarifu muuzaji kwa maandishi ukiambatisha nakala ya risiti. Akikataa kurekebisha au kurejesha fedha, wasilisha malalamiko kwenye mamlaka inayohusika ukiwa na vielelezo hivyo. Malalamiko yenye namba hushughulikiwa kwa urahisi kuliko yenye hisia peke yake.